Gari la kabureta linapogoma asubuhi ya baridi: kabla hujanunua kabureta nyingine

Swali: Gari langu ni la zamani, injini ya lita 1.3, kabureta moja yenye choki ya kuvuta kwa mkono. Asubuhi kukiwa na baridi napiga stata mpaka betri inachoka. Nakanyaga resi mara kumi, hata kumi na tano, harufu ya petroli inajaa, ndipo linawaka. Likishawaka, nikirudisha choki kabla ya robo saa linazimika. Likipata moto linakwenda vizuri, ila sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga resi) inayumba. Fundi anasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Nimsikilize? Na kabureta inatunzwaje?

Jibu: Usinunue bado. Umeeleza matatizo mawili, na kila moja linavuta upande wake. Harufu ya petroli kabla gari halijawaka ni dalili ya mafuta kuzidi. Injini kutaka choki robo saa nzima ni dalili ya mafuta kupungua. La kwanza kwa sehemu kubwa linaletwa na mguu wako. La pili lina chanzo chake, mara nyingi kitundu cha kama nusu milimita, na linatafutika bila kutupa kabureta.

Petroli haiungui ikiwa maji, inaungua ikiwa mvuke. Injini iliyopata moto inahitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Injini ya baridi ikipewa kipimo hichohicho haiwaki, kwa sababu ni sehemu nyepesi tu ya petroli inayogeuka mvuke; iliyobaki inashika kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayotoka kabureta kwenda kwenye silinda) kama umande. Ndiyo maana ikawekwa choki: kibati kinachoziba mdomo wa juu wa kabureta ili hewa ipungue, na vakyumu (mvuto) ya injini ivute petroli nyingi zaidi kupitia jeti, yaani vipande vyenye vitundu vya kupimia petroli. Injini inapopata joto petroli yote inageuka mvuke, na choki inakuwa haina kazi tena.

Wakati huohuo baridi inaidhoofisha betri na kuifanya oili iwe nzito. Katika nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, betri nzima inabaki na karibu nusu ya nguvu zake. Stata inazunguka polepole, inameza umeme, na koili, inayozalisha cheche za plagi, inapata masalio. Kwa hiyo gari likikataa kuwaka asubuhi, kabureta ni mshukiwa mmojawapo tu.

Namna ya kuliwasha

Kwanza jua kama kabureta yako ina pampu ya resi, yaani kipampu kinachorusha petroli unapokanyaga pedali. Weber, Solex na nyingi za Kijapani zinayo. SU na Stromberg za kawaida hazina, na kwa hizo kukanyaga kabla ya kuwasha hakuongezi hata tone.

Vuta choki mpaka mwisho. Kama pampu ipo, kanyaga pedali mara moja mpaka chini na uachie. Baridi ikiwa kali, mara mbili au tatu. Basi. Kila unapokanyaga, petroli mbichi inamwagika ndani ya manifoldi, na ikizidi inalowesha plagi. Mara kumi na tano ulizotaja zinatosha kuzamisha injini nzima kabisa.

Zima taa, feni na redio, kanyaga klachi ili stata isizungushe na gia, kisha piga stata mguu ukiwa mbali na resi. Usizidishe sekunde 10. Isipowaka, subiri nusu dakika au dakika nzima ili stata ipoe na betri ijikusanye, halafu jaribu tena. Ikiwaka, usiipige resi. Iache izunguke na choki sekunde 15 hadi 30, rudisha choki kidogo mpaka mngurumo utulie, kisha uondoke kwa mwendo wa upole. Injini hupata joto haraka zaidi barabarani kuliko ikisimama, na baada ya kilomita chache choki inapaswa iwe imerudi yote. Choki iliyosahaulika haiishii kwenye moshi mweusi na mafuta mengi. Petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse: kikinuka petroli, badilisha oili, kwa sababu iliyopo imeshakuwa nyepesi.

Kama gari limesimama wiki kadhaa, petroli ya kwenye bakuli la floti (akiba ndogo ndani ya kabureta, inayopimwa na boya) imeshapotea kwa mvuke, na pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini lazima iijaze upya. Hapo piga stata mara mbili za sekunde 10, choki ikiwa imerudi, kabla hujaanza hatua za juu. Pampu ikiwa ya umeme, washa swichi na uisikilize mpaka mlio wake upungue.

Injini ikishazama kwa petroli, fanya kinyume kabisa. Rudisha choki yote, kanyaga pedali mpaka sakafuni na uishikilie hapohapo bila kuipampu, kisha piga stata sekunde 5 hadi 10 hewa ipite na kukausha. Ikianza kukohoa, achia pedali taratibu. Isipokubali baada ya mara tatu, fungua plagi, zikaushe, na uzirudishe.

Kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta ni mchezo wa kutafuta majeraha. Valvu isiyofunga au taimingi iliyopotea inatosha kuurudisha moto juu, na unakukuta umeinama. Dawa ya kupulizia ya kuwashia ina madhara madogo ukipuliza sekunde moja tu kwenye mdomo wa chujio la hewa, ukiwa pembeni. Gari linaloihitaji kila siku linaomba kutengenezwa.

Umeme kabla ya mafuta

Anza na betri. Ikiwa imelala usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Mwambie mtu apige stata huku umeshika mita: ikishuka chini ya 9.6, ni betri yenyewe, waya zenye kutu, au stata iliyochoka. Safisha vichwa vya betri na ile waya ya athi inayofungwa kwenye injini. Kwa magari ya umri huu waya hiyo ni mkosaji wa mara kwa mara.

Halafu plagi. Mwanya wake kwa magari mengi ya aina hii ni milimita 0.7 hadi 0.8. Rangi ya kahawia isiyokoza ni afya. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi au choki haifunguki, plagi iliyolowa maana yake umezamisha, na nyeupe kama chokaa inamaanisha petroli ni kidogo. Pointi za distributa, kama bado unazo, nyingi zinataka kati ya milimita 0.35 na 0.50, shika kipimo cha kitabu cha gari lako. Pointi zilizoungua zinaweza kuwasha injini ya moto bila shida na kuikataa ya baridi.

Koili nyingi za zamani zina rezista inayopunguza volti injini inapotembea, na wakati wa kupiga stata umeme hupita njia nyingine ili koili ipate volti zote. Tega sikio. Gari likiwaka pale unapoachia ufunguo tu, njia ile ya stata imekatika. Likiwaka wakati wa stata na kufa ukiachia, rezista imekatika. Hapo kabureta imeonewa bure.

Kuchungulia kabureta kabla ya kuifungua

Injini ikiwa baridi, toa chujio la hewa. Usivute sigara, usitumie kibiriti, kizima moto kiwe karibu. Mtu avute choki: kibati kinapaswa kuziba karibu mdomo wote. Kikibakisha mwanya mpana, waya wa choki umelegea au klipu yake imeteleza, na hilo peke yake linamfanya mtu akanyage pedali mara kumi na tano. Akirudisha, kibati kisimame wima kabisa. Kisipofanya hivyo, una kazi ya dakika tano: legeza skrubu ya klipu, rudisha kitufe cha ndani ukibakisha mlegezo wa milimita 2, simamisha kibati wima, kaza.

Choki ikiwa imevutwa, angalia kama inainua kidogo na resi. Panatakiwa pawe na kamu inayopandisha mzunguko wa injini baridi, mara nyingi hadi kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika. Kamu isipogusa skrubu yake, injini itawaka na kufa palepale. Kabureta nyingi zina pia kidayaframu cha vakyumu kinachofungua choki milimita chache mara injini inapowaka. Kikipasuka, gari linawaka, linatoa moshi mweusi, kisha linajizamisha. Kijaribu kwa kunyonya kimpira chake kwa mdomo: mkono wake uvute na ubaki hapo.

Sasa mulika ndani na usukume mkono wa resi kwa kidole, injini ikiwa imezimwa. Unapaswa kuona petroli ikiruka mara moja, mstari safi ulionyooka. Isipotoka, bakuli ni tupu au dayaframu ya pampu imekauka. Ikichuruzika, kitundu chake kina uchafu. Kipimo hiki hakihitaji hata bisibisi, na kinajibu maswali mawili kwa mpigo.

Kwa nini inang'ang'ania choki

Injini inayozimika choki ikirudi inasema: nikiwa kwenye sailensi petroli hainitoshi. Choki ilikuwa inaficha upungufu huo. Kuyumba kwa sailensi hata ikiwa moto kunathibitisha jambo hilohilo. Kwa gari lako hapa ndipo pa kutilia mkazo, na kuna njia tatu.

Ya kwanza na ya kawaida zaidi ni jeti ya sailensi. Kitundu chake mara nyingi kina milimita 0.45 hadi 0.55, kati ya vidogo kabisa ndani ya kabureta, kwa hiyo mara nyingi hicho ndicho kinachoziba mwanzo. Kwenye kabureta kadhaa jeti hii inafunguliwa kutoka nje kwa bisibisi bila kugusa kitu kingine. Nyingine zina solenoidi inayokata petroli ya sailensi ukizima gari. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya wake na uurudishe: usiposikia "tiki", solenoidi imekufa au haipati umeme.

Ya pili ni hewa ya wizi. Gasketi ya chini ya kabureta, gasketi ya manifoldi, mpira wa buster ya breki, vimpira vya vakyumu vilivyopasuka: popote baina ya kabureta na injini. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, sehemu moja kwa wakati, mbali na distributa na waya za plagi. Mahali ambapo mngurumo unabadilika ndipo panapovuja. Mafundi wengi hutumia spirei ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi, lakini inashika moto na manifoldi ya ekzosi iko palepale. Pia shika mkono wa resi na uutikise. Ekseli yake ikicheza kwenye matundu yake, hewa inaingia hapo, na hakuna gasketi itakayoponya.

Ya tatu husahauliwa: joto lenyewe. Magari mengi yana bomba la karatasi au bati linalochukua hewa ya moto juu ya manifoldi ya ekzosi na kuipeleka kwenye chujio. Likipotea, injini inanyonya hewa baridi tupu. Kwenye unyevu, kati ya nyuzi 0 na 15 hivi, barafu inaweza kujengeka ndani ya koo la kabureta, maana petroli inapogeuka mvuke inapoza chuma. Dalili yake ni ya ajabu: gari linakwenda kilomita kadhaa, linaishiwa nguvu na kuzimika, ukisimama dakika kumi linawaka kama halikuwa na neno. Nao waliotoa thamostati wakidhani wanaisaidia injini wameinyima joto siku zote. Irudishe.

Kuisafisha

Tafuta ripea kiti (seti ya gasketi na vipuri vidogo) ya namba ya kabureta yako (iko kwenye kibati au imegongwa ubavuni), spirei ya kusafishia, trei pana, bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye vichwa vya jeti, na miwani ya kukinga macho. Chomoa waya hasi wa betri. Piga picha kila upande kabla ya kugusa chochote, hasa vimpira vya vakyumu na springi. Ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi, kwa sababu nati moja ikidondokea humo inageuza kazi ya saa mbili kuwa ya wiki.

Fungua kifuniko kwa utaratibu, geuza bodi juu ya trei, na uhesabu kinachodondoka. Chini ya kipua cha pampu ya resi huwa kuna kigololi. Kikipotea, pampu haitarusha tena. Toa jeti moja moja na uziweke kwa mpangilio wake, kwani jeti kuu na jeti ya hewa zinafanana kwa umbo na zinaingia kwenye nyuzi za ukubwa mmoja kwenye baadhi ya kabureta. Kwa Weber na Solex namba 120 ina maana ya kitundu cha milimita 1.20. Usichokoe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, na ukipanua 1.20 ikawa 1.25 umeongeza eneo la kitundu kwa zaidi ya asilimia 8. Tumia spirei na upepo wa kompresa, kisha elekeza jeti kwenye mwanga: duara liwe safi. Pulizia kila njia kutoka pande zote mbili, pamoja na vitundu vidogo vinavyotokea karibu na kibati cha resi. Dayaframu, mipira na plastiki visiguse dawa ya kusafishia.

Sasa floti. Itikise karibu na sikio. Ukisikia maji, imetoboka. Floti ya shaba izamishe kwenye maji ya moto, viputo vitaonyesha tundu. Ncha ya nido ya floti (sindano inayofunga petroli bakuli likijaa) ikiwa na pete iliyochimbika, ibadilishe pamoja na kiti chake. Pima usawa wa floti kwa kipimo cha kitabu, si kwa macho. Ukiwa juu, petroli inavuja kwenye koo, gari linanuka na linakuwa gumu kuwasha likiwa moto. Ukiwa chini, linakohoa unapokanyaga resi. Na kama mtu alifunga pampu ya umeme ya gari la injeksheni, usilaumu nido. Pampu ile inasukuma karibu bar 3, wakati kabureta nyingi zinataka kati ya bar 0.15 na 0.35.

Wakati wa kufunga, gasketi mpya ziingie kavu. Silikoni ni sumu hapa: petroli inailainisha, inamomonyoka, na vipande vinakaa kwenye jeti ulizotoka kuzisafisha. Kaza nati kidogo kidogo kwa kupokezana pande, maana kukaza upande mmoja kunapindisha kitako cha aluminiamu na kuzaa ile hewa ya wizi.

Kurekebisha

Hili ni la mwisho, baada ya tapeti, pointi, taimingi na chujio kuwa sawa. Skrubu ya mchanganyiko igeuze ndani taratibu mpaka iguse, bila nguvu, kwani ncha yake inaharibika kwa kukazwa. Kisha irudishe mzunguko 1 na nusu hadi 2 kama mwanzo. Pasha injini kilomita kumi, choki imerudi yote. Weka sailensi kwenye 800 hivi kwa skrubu ya resi, kisha geuza ya mchanganyiko robo kwa robo mpaka injini izunguke kwa kasi yake ya juu. Hapo irudishe ndani kidogo, pale tu inapoanza kupungua, na usawazishe sailensi tena. Skrubu ya mchanganyiko isipobadilisha chochote ukiigeuza, rudi kwenye jeti ya sailensi au hewa ya wizi. Hapo hujamaliza.

Kutunza

Kila unapobadilisha oili, pulizia dawa ya kusafishia kwenye ekseli ya choki na mikono yake, kisha uiache kavu. Oili inakusanya vumbi na kuwa gundi. Filta ya petroli ibadilishe kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Kama unaona kutu ndani yake, tangi ndilo linaloziba jeti zako, na kusafisha kabureta tena kutakusaidia mwezi mmoja tu. Mwenye SU au Stromberg aangalie oili ya dampa, nyepesi ya aina ya SAE 20. Ikiisha, gari linasita kila ukikanyaga resi.

Petroli ikikaa miezi inapoteza ile sehemu nyepesi inayowasha injini ya baridi, na inaacha nta ya kahawia kwenye jeti. Yenye ethanoli inavuta unyevu na kuharibu mipira ya zamani. Badilisha mipira ya mafuta kwa ile iliyotengenezwa kuhimili ethanoli. Gari likilazwa zaidi ya mwezi, wengi hufunga petroli na kuiacha injini imalize bakuli. Ni vizuri, isipokuwa pampu yako ya resi ikiwa na kikombe cha ngozi: ngozi ikikauka inasinyaa, na kwa kabureta hiyo ni afadhali kutia dawa ya kuhifadhi petroli na kuliwasha gari mara kwa mara mpaka lipate moto.

Fundi wako atakuwa na haki ukikuta ekseli ya resi inacheza na hakuna wa kuibushi upya, kitako kimepinda kiasi cha kutosawazishika, au kutu nyeupe imekula njia za ndani. Hapo chukua kabureta ya namba ileile. Yenye jeti za injini nyingine itakurudisha kwenye choki ya robo saa, hata kama nati zake zinaingia.